Je, Wajua? Kodi ya Kujiajiri Marekani na Farasi Watatu wa Pennsylvania

Je, wajua kwamba Marekani, dereva wa teksi za mtandaoni, msusi au mkalimani anayejitegemea huanza kudaiwa kodi ya kujiajiri pindi faida yake ya mwaka inapofika dola 400? Kiwango hicho kimekuwepo tangu 1951, enzi ambazo dola 400 zilikuwa fedha ya kutajika. Hakijapandishwa hata mara moja, na wanaoumia ni wenye vibarua vidogo.

Kodi yenyewe ni asilimia 15.3: 12.4 ya mafao ya uzeeni na ulemavu, 2.9 ya matibabu ya wazee. Mwajiriwa hukatwa nusu, mwajiri akalipa nusu. Anayejiajiri ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, kwa hiyo zote ni zake. Nafuu ipo kidogo: hesabu hupigwa kwenye asilimia 92.35 tu ya faida. Mwenye faida ya dola 40,000 hulipa takriban 5,652, na kodi ya mapato bado haijaguswa.

Waliowahi kuipinga kwa dhati ni Waamish, dhehebu la Kikristo. Wakulima waliingizwa kwenye kodi hii mwaka 1955, lakini kwa Waamish kumtunza mzee ni kazi ya jamaa na kanisa. Bima ya serikali waliiona ni kukosa imani. Kodi nyingine walilipa bila ubishi. Mwaka 1961, Valentine Byler wa New Wilmington, Pennsylvania, alikuwa shambani akilima maafisa wa kodi walipofika, wakamfungulia farasi watatu na kwenda kuwapiga mnada. Ulikuwa msimu wa kupanda. Wamarekani wengi walikasirika kusikia mkulima amenyang'anywa wanyama wa kulimia kwa ajili ya imani yake, na mwaka 1965 Bunge likatunga msamaha kwa madhehebu ya aina hiyo. Anayeuchukua husamehewa kodi, na mafao pia hayapati.

Kwa wengine wote, kodi hiyo ndiyo pensheni yao. Ili kuipata zinahitajika alama 40 zitokanazo na kipato kilicholipiwa kodi hiyo, na kwa mwaka hazipatikani zaidi ya 4. Anayeficha faida leo anajipunja mwenyewe uzeeni.

Kwa kuwa hakuna wa kukukata kila mwezi, unapeleka mwenyewe kwa awamu nne: katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari.

Na kodi hutozwa kwenye faida, si kwenye kila dola iliyoingia. Mwaka 2025 kila maili ya kazi ilihesabiwa senti 70 za gharama. Dereva mwenye maili 20,000 daftarini aliondoa dola 14,000, na kodi ya kujiajiri peke yake ikashuka kwa takriban dola 1,978. Asiyeandika tarehe, maili na sababu ya safari hana cha kuonyesha akikaguliwa.