Je, Wajua? Taka 25 za Kumbakiza Binti Darasani

Je, wajua kwamba mpango mashuhuri wa kumlipa msichana posho ili abaki sekondari ulianza kujaribiwa katika wilaya moja tu ya mashambani, Shahrasti, nchini Bangladesh? Ilikuwa mwaka 1982, chini ya shirika la wenyeji. Mwaka 1994 serikali ikaueneza vijijini nchi nzima.

Posho yenyewe? Taka 25, fedha ya Bangladesh, kwa mwezi kwa msichana wa darasa la sita, ambako sekondari yao huanzia, ikipanda hadi taka 60 darasa la kumi. Wakati ule taka 25 hazikufika dola moja. Karo ililipwa kando, shuleni moja kwa moja, na posho ikaingia benki kwenye akaunti ya jina la msichana mwenyewe. Katika nyumba ambayo hata mama hana akaunti, hilo si dogo.

Masharti yalikuwa matatu: ahudhurie angalau asilimia 75 ya siku za masomo, apate asilimia 45 kwenye mitihani, na asiolewe. Mawili ya kwanza yalimhusu mwanafunzi. La tatu, tuseme ukweli, lilimhusu baba yake.

Je, wajua kuwa madrasa nazo zilifungua milango? Zile zilizotambuliwa na serikali ziliingizwa kwenye mpango, na kwa kuwa karo ilimfuata msichana, nyingi zilizozoea wavulana watupu zikaanza kuandikisha mabinti.

Wasichana wa sekondari Bangladesh walikuwa takriban milioni 1.1 mwaka 1991. Kufikia 2005 walikuwa milioni 3.9, na wavulana walikwishaachwa nyuma. Sifa zote zisiende kwa posho, maana viwanda vya nguo navyo vilikuwa vikiajiri wanawake kwa wingi.

Je, wajua nani aliachwa nje? Binti wa mtaa wa mabanda jijini Dhaka, kwa kuwa mpango ulikuwa wa vijijini. Huko kijijini nako, binti wa mwenye mashamba alipokea sawasawa na binti wa kibarua.

Nchi nyingine nazo zilijaribu. Mexico, 1997: mpango wa Progresa ulimkabidhi mama fedha, na sekondari msichana alipewa zaidi kuliko mvulana. Bihar, India, 2006: msichana aliyefika darasa la tisa alipewa rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Watu wa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, Tanzania, hawahitaji kusimuliwa habari za masharti: huko ndiko TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilikojaribu, mwaka 2010, ruzuku iliyofungwa na mahudhurio ya shule na kliniki.

Je, wajua kisa cha Zomba, Malawi? Mwaka 2008 watafiti waliwagawa wasichana kwa bahati nasibu: wengine walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti lolote. Sehemu ya msichana mwenyewe, kati ya dola 1 na 5 kwa mwezi, aliipata kwa kuokota vizibo vya chupa ndani ya bahasha. Wenye sharti walidumu zaidi darasani na kusoma vizuri zaidi. Lakini ndoa na mimba za mapema zilipungua sana kwa wasio na sharti. Sababu ni kwamba aliyeacha shule katika kundi hilo aliendelea kulipwa, ilhali mwenzake wa kundi la masharti alikatiwa fedha akiacha shule, posa zikiwa zinaanza kubisha hodi.