Swichi Inayoendesha Gari la Umeme

Watu wengi wanaposikia habari za gari la umeme hufikiri kwanza juu ya betri na mota. Ni wachache wanaokumbuka chombo cha tatu, nacho ni konveta, yaani kigeuza-umeme kilichowekwa katikati ya hivyo viwili. Betri hutoa mkondo mnyoofu, ambao huenda upande mmoja tu. Bali mota nyingi za magari ya siku hizi huhitaji mkondo geu, ambao hubadili mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde. Tena, volti za betri hazibadiliki sana, ilhali dereva hutaka nguvu kidogo katika msongamano wa mjini na nguvu nyingi mlimani. Kazi ya konveta ni kuvipatanisha.

Hasara ya Kikinza

Magari mengi ya umeme ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalipunguza mwendo kwa kuupitisha umeme katika vikinza, yaani waya zinazouzuia mkondo. Njia hiyo ni rahisi, lakini gharama yake ni kubwa. Ichukuliwe, kwa mfano, betri ya volti 360 na mota inayohitaji volti 180 na mkondo wa ampea 100. Volti 180 zinazosalia hukamatwa na kikinza. Zikizidishwa kwa ampea 100 hupatikana wati 18,000, kiasi kilekile kinachofika kwenye mota. Nusu ya umeme hupotea kuwa joto tupu.

Siri ya Swichi

Swichi iliyozimwa haipitishi mkondo, kwa hiyo haipotezi nguvu. Swichi iliyowashwa hupitisha mkondo karibu bila kizuizi, kwa hiyo nayo hupoteza kidogo tu. Transista kubwa ya silikoni inayopitisha ampea 100 huweza kubakiza volti zipatazo 2, ambazo ni sawa na wati 200. Transista hiyo huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwashwa nusu ya muda na kuzimwa nusu ya muda, mota hupata wastani wa volti 180.

Je, mota haitashtuka-shtuka? La. Mshonaji hukanyaga pedali ya cherehani kwa vipindi, lakini gurudumu huendelea kuzunguka bila kusita. Koili za mota nazo huuendeleza mkondo wakati swichi imezimwa, na kando ya kila transista huwekwa dayodi ili mkondo huo upate njia.

Kutengeneza mkondo geu huhitaji swichi sita, mbili kwa kila mmoja wa nyaya tatu za mota. Moja huunga waya na ncha chanya ya betri, na ya pili huunga na ncha hasi. Kwa kurefusha na kufupisha vipindi vya kuwashwa, mkondo hupanda na kushuka kama wimbi. Mawimbi yakiharakishwa, mota huzunguka kwa kasi zaidi. Ndivyo ilivyo katika Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2010 likiwa na betri ya volti zipatazo 360 na mota ya kilowati 80. Gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka jenereta, na swichi hizo hizo huurudisha umeme betrini. Konveta nyingine, iliyo ndogo zaidi, hushusha volti za betri kubwa ili kuilisha betri ya volti 12 ya taa na honi.

Joto na Hatari

Hata hivyo, swichi haiwashwi wala kuzimwa papo hapo. Katika mpito huo mfupi huwa na volti na mkondo kwa pamoja, na joto huzaliwa. Kwa hiyo konveta nyingi hupozwa kwa maji. Tesla Model 3, iliyotoka mwaka 2017, ilitumia transista za kabaidi ya silikoni, ambazo hukamilisha mpito upesi zaidi na kupoteza joto kidogo. Joto linalookolewa huwa kilomita za ziada barabarani.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa. Swichi mbili za waya mmoja zikiwashwa pamoja, betri hupigwa shoti. Ndiyo maana mtambo wa kuziongoza huzima moja kabisa kwanza, kisha huwasha ya pili.

Hali kadhalika, ndani ya konveta imo kapasita, inayoweza kushikilia mamia ya volti hata baada ya gari kuzimwa. Magari ya Leaf yaliyokwisha kutumika ng'ambo yameingia hata Kenya, na fundi aliyezoea betri ya volti 12 aweza kudhani kwamba gari lililozimwa halina umeme. Nyaya za rangi ya machungwa humwonya. Hana budi kukata swichi ya usalama ya betri kubwa, kusubiri muda ulioagizwa na mtengenezaji, kisha kupima volti kabla ya kugusa. Chombo kinachookoa umeme wa gari kisipoheshimiwa huweza kuondoa maisha ya mtu.