Kiinua Mgongo Hakianzi Siku ya Kustaafu

WAHENGA walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini je, msomaji wangu, umepata kumwona mtu aliye mgeni nyumbani kwake mwenyewe?

Mimi nimemwona. Ni mzee mmoja wa Bungoma niliyekutana naye Kitale, sote tukingoja matatu ya kuelekea Webuye. Aliposikia lafudhi yangu ya Pwani alicheka, akanieleza kuwa ujana wake aliumalizia Mombasa, akirudi kwao mara moja kwa mwaka.

"Nilipostaafu nilipewa kiinua mgongo changu, nikarudi," alisema. "Watoto nikiwaambia neno, humtazama mama yao kwanza. Siku ya tatu nikashika jembe, kijana wangu, nami sikujua mpaka wa shamba langu uko wapi."

"Pole, mzee wangu," nikamwambia.

"Pole ni ya mgonjwa," akajibu. "Mimi sikuumwa. Nilikuwa mpweke tu, hata huo upweke ukageuka ugonjwa."

Gari lilitupitisha Kiminini na Kamukuywa, mahindi yamesimama huku na huku, na maneno yale hayakunitoka. Nami nimekwisha kupita hamsini. Usiku mwingi niliukesha nikingoja gazeti liende mitamboni, nikirudi nyumbani watoto wamelala.

Twapenda kuipima hali ya mfanyakazi kwa mshahara. Kumbe umri nao una hesabu yake. Kijana wa miaka ishirini na mitano hufanya zamu ya usiku, akalala saa tatu, akaamka mzima. Akifika arubaini, karo inamngoja mlangoni. Akifika hamsini na tano, watoto bado wako chuoni, na huku wazazi wake wamekuwa wazee wa kushikwa mkono. Mwanamke ndiye anayeelemewa zaidi: mwalimu au muuguzi akitoka kazini jioni, zamu ya pili yamsubiri jikoni na kitandani kwa mgonjwa.

Sheria haikulala kabisa. Mfuko wa NSSF uliundwa 1965. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, mama aliyejifungua miezi mitatu, na baba wiki mbili. Mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali ulitolewa 55 ukafikishwa 60.

Lakini mwaka uo huo wa 2009, pale Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifunga milango. Kilikuwa kimeanza kutoa karatasi katika miaka ya sabini, na mji mzima ulikua ukikitegemea. Baadaye kilipata mwenyewe mpya, mitambo ikalia tena, lakini miaka iliyopotea hairudi. Tazama basi: huku mmoja aongezewa miaka mitano, kule mwingine akatiziwa yake asubuhi moja. Kazi si ya kuegemewa peke yake.

Watu wa Bungoma wana jambo moja la kutufunza. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka usiogawanyika kwa mabaki ni mwezi wa jando. Kijana huzunguka na njuga zake akiwaalika jamaa, na alfajiri hupakwa tope mtoni kisha akarudi kusimama uani kwa babake. Siku hizi wengi hupelekwa hospitali, lakini swali ni lile lile: baba yuko? Aliyeziweka siku zake za likizo kwa ajili ya asubuhi ile hakupoteza likizo. Ameweka akiba ambayo hakuna karani awezaye kuikata.

Na Kitale nako, makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu 1956, hakuna mkulima asiyejua kuwa mahindi ya Oktoba ni ya aliyepanda mvua za Machi na Aprili. Anayekuja na mbegu wakati wa kuvuna atachekwa. Mbona basi sisi waajiriwa twangoja siku ya kustaafu ndipo tuwajue wake zetu, waume zetu na wana wetu?

Waajiri nao wasijitoe. Mwenye miaka hamsini na mitano asipangiwe zamu za usiku kama kijana, na anayeomba ruhusa kumpeleka mamake hospitali asihesabiwe mvivu. Mtu mwenye utulivu nyumbani ndiye afanyaye kazi kwa moyo.

Tuliagana na mzee Webuye, yeye akishika njia ya kwao. Nami nikatoa kalamu:

Kazi ina siku zake, zikiisha watolewa,
Nyumba nayo ina zake, hudai isipopewa,
Asiyekuwa na pake, uzeeni ni ukiwa,
Mti hupandwa mapema, kivulini ukakaa.