Fremu ya Baiskeli: Ya Dukani au ya Kupimwa?

Hapa Uingereza wengi wetu wenye zamu za alfajiri tumegeukia baiskeli. Ni nafuu, na ni mazoezi. Lakini kama unashuka goti linauma au vidole vina ganzi, usikimbilie kulaumu umri. Angalia fremu kwanza.

Kule nyumbani tulijifunzia baiskeli ya baba, mguu mmoja tumeupitisha katikati ya fremu. Mwili ndio uliofuata baiskeli. Mimi nilikuja huku na mazoea hayo hayo: nikanunua kuukuu yenye fremu ya sentimita 60, nami nina futi 5 na inchi 7 tu, kisa bei nzuri! Baada ya miezi miwili kidole cha mwisho na cha pete vikafa ganzi, hata kufunga vifungo vya shati ikawa taabu. Na kazi yangu ni ya mikono. Daktari akanieleza kwamba nilikuwa najinyoosha mno kuufikia usukani, uzito ukaangukia viganja, na neva inayopita pale ikabanwa.

Rafiki akanishauri nitengenezewe fremu ya kipimo changu. Hiyo ni kama suti ya kushonesha kwa fundi: unapimwa miguu, kiwiliwili na mikono. Nzuri sana, ila fremu peke yake huweza kupita pauni 1,000, na unasubiri miezi. Kwa maoni yangu wengi wetu hatuihitaji.

Jipime mwenyewe kwanza. Vua viatu, egemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, kiti kiwe kama sentimita 70.6 kutoka pale mikono ya pedali inapozungukia. Huo ni mwanzo tu. Ongeza au punguza kidogo kidogo. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiko juu mno.

Kiti kinapanda na kushuka, na shingo ya usukani unaweza kubadilishiwa fupi. Urefu wa fremu yenyewe haubadiliki. Ndiyo maana yangu niliiuza nikachukua ya 54, ya dukani, na ganzi ikaisha taratibu. Lakini usiamini namba peke yake, maana 54 ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine. Ipande.

Wa kupimwa ni yule mrefu au mfupi kupita saizi zote za dukani, au mwenye mgongo au bega lisilokunjika, ambaye marekebisho yote yameshindikana.

Kuhusu fedha, tangu 1999 kuna mpango wa kukatwa baiskeli kwenye mshahara kabla ya kodi. Muulize mwajiri wako. Ila makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara, hivyo wengi wetu hatupiti hapo, tunabaki na kuukuu.

Ukienda kuinunua, vaa viatu vya kazini na ubebe begi lako la kila siku. Omba kuizungusha dakika 15, si mbili. Na kama ganzi haiondoki hata ukipumzika, muone daktari.