Kazi Sita Kabla ya Kulala

Walipa kodi wa Kenya hupewa miezi sita kamili, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni, kuwasilisha ritani za mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa asiye na kipato cha kutangaza, ni kazi ya dakika chache tu. Hata hivyo, kila mwaka siku za mwisho za Juni hukuta foleni ndefu kwenye vituo vya huduma na kwenye vibanda vya intaneti. Anayechelewa hutozwa faini, na kwa mtu binafsi faini hiyo huanzia shilingi 2,000.

Wengi walio kwenye foleni hizo walijua tarehe. Methali ya linalowezekana leo lisingoje kesho wameisikia tangu shule ya msingi. Wala si wavivu: mtu aliyeikwepa ritani Jumamosi nzima huenda siku hiyohiyo amefua mapazia, amepanga kabati na kujibu kila ujumbe wa kamati ya harusi.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni njia ya kukwepa hisia mbaya. Kazi inachosha, au inatia hofu, au haijulikani ianzie wapi. Mtu akiiweka kando anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomzoesha kuiweka kando tena. Ndiyo maana kumkaripia hakusaidii sana. Karipio linaongeza uchungu uleule anaoukimbia.

Kinachosaidia ni kuipunguza kazi mpaka isitishe tena, na kuamua mapema itaanza lini. Kwa hilo, karatasi na kalamu vinatosha.

Njia inayojulikana zaidi inahusishwa na Ivy Lee, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya uhusiano wa umma. Inasimuliwa kwamba mwaka 1918 Charles Schwab, mkuu wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel huko Pennsylvania, alimwomba ushauri wa kuwawezesha mameneja wake kukamilisha kazi nyingi zaidi. Lee hakutaja bei. Alimwambia Schwab ajaribu kwa miezi mitatu, kisha alipe kiasi anachoona kinastahili. Kisa hicho humalizikia kwenye hundi ya dola 25,000.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Jioni, kabla ya kulala, andika kazi sita za kesho, zisizidi hapo. Zipange kwa uzito, ile muhimu kuliko zote iwe ya kwanza. Asubuhi anza na ya kwanza, na usiiguse ya pili kabla ya kuimaliza. Zitakazobaki jioni zihamishie kwenye orodha mpya.

Nguvu ya njia hii iko kwenye kikomo chake. Orodha ya kazi thelathini humpa mwenye kuahirisha mahali pazuri pa kujificha, kwa sababu daima atapata jepesi la kufanya huku lile zito likisubiri. Kazi zikiwa sita, tena kwa mpangilio, uamuzi umeshapitishwa usiku, wakati akili imetulia. Asubuhi ni kutekeleza tu.

Lakini namna ya kuandika ina uzito wake. "Kushughulikia kiwanja" si kazi ya siku moja. Ni fungu la kazi, na mtu akilitazama anachoka kabla hajaanza. "Saa tatu asubuhi, kumpigia simu mpimaji" ni jambo linaloweza kufanyika na kufutwa. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walilipima jambo hili nchini Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997. Wanafunzi waliombwa kuandika, ndani ya siku mbili, jinsi walivyoupitisha mkesha wa Krismasi. Nusu yao walitakiwa kwanza kutaja wataandika saa ngapi na wakiwa wapi. Kundi hilo lilitimiza ahadi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Kuandika usiku kuna faida nyingine. Katika utafiti wa Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, uliochapishwa mwaka 2018, vijana 57 walipewa dakika tano za kuandika kabla ya kulala. Walioorodhesha kazi zilizokuwa zikiwasubiri walipata usingizi kwa wastani wa dakika tisa mapema kuliko walioorodhesha kazi walizokwisha kumaliza. Kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi, ndivyo usingizi ulivyowahi.

Bila shaka siku ina yake. Umeme unakatika, mtoto anapata homa, mgeni anabisha hodi bila taarifa. Mwenye siku za namna hiyo aandike kazi tatu badala ya sita, na ile ya kwanza aifanye kabla nyumba haijachangamka.

Kazi inayohamishwa jioni tatu mfululizo inastahili kuchunguzwa. Ikiwa ni kubwa mno, igawanywe, na kipande chake cha dakika kumi kiwe cha kwanza kesho. Ikiwa inahitaji ujuzi ambao mhusika hana, kazi ya kesho iwe kumuuliza anayejua. Na ikiwa haina tena umuhimu, ifutwe kabisa, nafasi yake ichukuliwe na nyingine.