Breki Isiyotaka Kuachia

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kusema nanyi habari za breki ya diski ya pikipiki, ile ya gurudumu la mbele, ambayo ikiisha kushika haitaki kuachia tena.

Mwaka jana nalitoka Lamadi kurudi Bariadi, na njiani nikaona pikipiki inakwenda kwa uzito kana kwamba inapanda mlima. Niliposimama, harufu ya kuungua ikanijia puani. Nikatia tone la maji juu ya diski, likachemka papo hapo. Fundi mmoja wa kando ya njia akamimina mafuta ya injini kuizunguka pistoni. Gurudumu likawa jepesi, nami nikamlipa kwa shukrani. Baada ya siku chache likakaza vibaya kuliko kwanza, hata ikanilazimu kununua kalipa nzima.

Sababu yake ni hii. Ukibana mkono wa breki, mafuta husukumwa ndani ya mpira mpaka kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachokumbatia diski. Humo mna pistoni, nayo husukuma pedi hata zikaibana diski. Hayo wengi wayajua. Lakini je, ni kitu gani kinachoirudisha pistoni nyuma? Watu hudhani ni springi. Hamna springi ya kazi hiyo. Mna pete ya mpira tu, iliyokaa katika mfuo wake na kuishika pistoni kiunoni. Pistoni itokapo, pete hujipinda pamoja nayo. Mkono ukiachiwa, pete hujinyosha na kuivuta irudi, kadiri isiyofika hata milimita 1. Nguvu ndogo namna hiyo hushindwa na kutu kidogo, au na tope letu jeusi la mbuga, ambalo ninyi wa Simiyu mwajua jinsi linavyoganda likikauka. Tena mafuta ya injini, dizeli, petroli na mafuta ya taa huivimbisha pete hiyo. Ndiyo yaliyonipata.

Basi, kabla ya kufungua kitu, inua gurudumu la mbele liwe hewani. Bana breki, achia, ulizungushe. Likiwa zito, legeza kidogo sana skurubu ya kutolea upepo, kisha uikaze. Gurudumu likiwa jepesi mara moja, mafuta yalifungiwa huko juu, katika mpira ulioziba ndani au katika tundu dogo la chombo cha mafuta. Likibaki zito, ugonjwa umo katika kalipa yenyewe.

Ifungue kalipa bila kuufungua mpira wake. Pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi. Usilipulize, maana lina madhara kwa mapafu. Tazama kwanza pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Mara nyingi kosa lote limo hapo, nazo hazitaki ila kusafishwa na kupakwa grisi ya breki isiyodhuru mpira. Kisha ondoa pedi, bana mkono taratibu, pistoni itokeze kidogo, isitoke kabisa. Ipanguse kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya breki, uirudishe kwa vidole, ukiangalia chombo cha juu kisifurike, kwani mafuta hayo hula rangi. Rudia mara tatu au nne. Ikiwa ina vishimo vya kutu, msasa hautaiponya. Nunua mpya pamoja na pete zake, na mfuo wa pete usafishwe kwa kijiti, si kwa kisu.

Mafuta ya kuongeza ni ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko, na chupa iwe haijafunguliwa bado. Chupa iliyokaa wazi dukani imekwisha kunywa maji ya hewani, na maji hayo huleta kutu ndani ya kalipa.

Ukiisha kufunga, bana mkono mara nyingi hata uwe mgumu, ndipo upande. Mwanafunzi wangu mmoja alisahau jambo hili, akasimamishwa na ua wa jirani. Mkono ukizidi kuwa laini, mna upepo ndani. Usiende nayo barabarani mpaka utolewe.