Kazi, Jamaa na Makao: Funzo la Arua na Koboko

Nyumba isiyo na mtu mwenye kazi ni nyumba ya namna gani? Jibu la swali hilo halifanani katika majimbo yote ya Uganda. Mjini Kampala, mtu asiyekuwa na mshahara wala biashara huhesabiwa kuwa hana kazi, na hakuna anayebisha. Lakini katika vijiji vya Koboko, mama huamka alfajiri kupalilia mihogo yake, na jua huzama jembe lingali mkononi. Mama huyo hana mshahara. Je, hana kazi?

Wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva mwaka 1913 ukiongeza karne moja, yaani mwaka 2013, waliamua kwamba kilimo cha kujilisha ni kazi, lakini si ajira. Kwa hesabu hiyo, jimbo la West Nile huweza kuonekana kama jimbo la watu waliokaa bure, ilhali kinachopungua huko ni fedha, si jasho.

Hali hiyo ina chanzo chake. West Nile iliingizwa katika Uganda mwaka 1914. Wakoloni hawakuijengea viwanda, bali waliwachukua vijana wake kuwa vibarua katika mashamba ya miwa ya kusini, na kuwa askari wa King's African Rifles. Tangu hapo mshahara ukawa kitu cha kufuatwa mbali, na mara nyingi boma likabaki mikononi mwa wanawake na wazee.

Makao nayo yana tofauti zake. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inatambua aina nne za umilikaji wa ardhi, na mojawapo ni ule wa kimila. Katika vijiji vya Arua na Koboko, ardhi ni ya ukoo. Mtu hujenga kwa ridhaa ya wazee, wala halipi kodi ya nyumba. Kampala, wafanyakazi wengi huishi katika vyumba vya kupanga. Hata Arua yenyewe, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ina wapangaji wake. Kwa hiyo mwanakijiji aweza kuwa na paa bila mshahara, na mtu wa mjini akawa na mshahara bila paa lililo lake.

Askari yuko wapi kati ya hao wawili? Yeye hukaa kota. Kota hutolewa na kazi, na kazi ikikoma kota hurudishwa. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, askari wengi wa West Nile walipoteza mshahara na makao kwa pamoja. Mapigano ya miaka ya 1980 na 1981 yakawafukuza hata raia, wakavuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Waliporejea, ardhi ya ukoo ndiyo iliyowapokea.

Lakini ardhi hiyo humpokea anayejulikana. Watoto waliozaliwa kambini huenda hawaijui mipaka ya shamba la babu yao, na mjane huweza kuambiwa afungashe mizigo yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 haikubali jambo hilo: mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya ardhi ni batili, na ardhi ya familia haiuzwi bila idhini ya mke au mume. Sheria hiyo pia inatoa nafasi ya kupata hati ya umilikaji wa kimila.

Hapana budi basi askari wa jeshi na wa polisi atumie likizo yake vema, angali katika utumishi. Na aende nyumbani pamoja na mkewe na watoto, akae na wazee, waoneshwe mipaka, na haki yao iandikwe. Wahenga walisema: mwenda kwao si mtoro. Lakini ni lazima kwanza awe na kwao.